Kinga Ikimgeukia Mwenyewe, Usiiongezee Nguvu

Tarehe 6 Oktoba 2025 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitangazwa kwa wataalamu watatu: Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, na Shimon Sakaguchi wa Japani. Habari hiyo ilipita upesi kwenye simu zetu, siasa ikaifunika. Mimi, mtu wa Pwani niishiye huku Ngong, niliiona inatuhusu sana. Hapa Ngong, kule Kitengela, na nyumbani Mombasa, tunauziwa unga na maji ya chupa kwa jina moja: dawa ya kuongeza kinga. Na baadhi ya wanunuzi ni wagonjwa ambao kinga yao haikupungua. Imewageukia wenyewe.

Nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo, kuna tezi iitwayo thaimasi. Huwa kubwa utotoni, kisha husinyaa baada ya kubaleghe. Mwaka 1961, mjini London, Jacques Miller alionyesha kuwa panya wachanga waliotolewa tezi hiyo walikosa kinga. Tezi hii ni kama chuo. Humo hufunzwa chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe T. Isiyoweza kutambua kitu huachwa ife, na inayoukamia mwili wa mwenyewe huuawa. Zaidi ya 9 katika kila 10 hazifuzu.

Lakini hakuna chuo kisichopitisha mkorofi hata mmoja. Mwaka 1995 Sakaguchi alionyesha kuwa ziko chembe T nyingine ambazo kazi yao ni kuwatuliza wakorofi hao. Mwaka 2001 Brunkow na Ramsdell wakaitambua jeni iitwayo FOXP3, ambayo ikiharibika, kinga hushambulia mwili wa mwenyewe. Miaka 2 baadaye ikabainika kwamba jeni hiyo ndiyo inayoongoza ukuaji wa chembe tulizaji.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kuna kisukari cha aina ya kwanza, kuna baridi yabisi inayopinda vidole, na kuna lupasi, ambayo wagonjwa wake takriban 9 katika kila 10 ni wanawake. Sababu si tezi peke yake. Urithi, homoni na jua pia huchangia. Lakini mzizi ni huo: askari amemkosea adui.

Basi fikirini. Mwanamke ana homa isiyoisha, viungo vinauma, jua likimpiga uso unatoka upele mashavuni, nywele zinadondoka. Mmoja atasema ni jini, mwingine atasema ni husuda, wa tatu atamletea unga wa kuongeza kinga. Dua ni silaha ya muumini, siipingi. Ila dawa za hospitali za lupasi hufanya kinyume cha unga ule: huituliza kinga. Mojawapo, haidroksiklorokwini, ni ndugu ya klorokwini tuliyoimeza zamani kwa malaria. Anayeacha ghafla vidonge vya prednisoloni alivyovizoea mwili anaweza kuanguka, na lupasi ikiachwa hula figo kimyakimya.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Tangu Oktoba 2024 bima yetu ni SHA, na sheria yake imeweka mfuko wa maradhi sugu. Daktari bingwa wa maradhi haya ni adimu, na wengi wao wako Nairobi. Wa Ngong hupanda matatu. Wa Lamu hulala njiani. Tunachoweza kuzidai kaunti zetu sasa ni kidogo na cha maana: kila zahanati ipime mkojo na presha ya mwenye dalili hizi, imwandikie rufaa mapema, na dawa ya kila mwezi ipatikane karibu na nyumbani.

Na sisi tuulize kabla ya kununua chupa: kinga ya mgonjwa huyu imepungua kweli, au imepotea njia?