Je, Ulipigwa Mionzi Kifuani?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani: hapa kwetu mtu akihema kwenye mlima tunasema ni vumbi la mgodi. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna swali ambalo halimo kwenye fishi ya afya: je, ulikwisha kutibiwa kansa kwa mionzi kifuani?

Mionzi ni dawa ya kweli. Radiamu ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilisafishwa Olen, Ubelgiji, tangu 1922, ikatibu kansa. Siku hizi ni mashini. Uvira haiko, iko Ocean Road, Dar es Salaam, na tangu 2019 iko Kanombe, Kigali.

Titi la kushoto ni jirani ya moyo. Sehemu ya mionzi inaweza kuufikia na kuumiza ngozi ya ndani ya mishipa inayoulisha damu. Pole pole mishipa inakakamaa na kuwa myembamba, na milango ya moyo vilevile. Siku ile husikii kitu. Uchunguzi wa wanawake wa Sweden na Denmark, uliotolewa 2013, ulionyesha kwamba kila kipimo kimoja cha mionzi (grei) kinachofika moyoni huongeza hatari ya mshtuko wa moyo karibu 7%. Inaanza kabla ya miaka 5 na inaendelea hata baada ya miaka 20.

Basi tukatae mionzi? Hapana kabisa! Kansa isiyotibiwa haingoji miaka 20. Kwa asiyevuta sigara na asiye na tansio, hatari ya moyo ni ndogo. Tena kuna njia ya kuukinga: mgonjwa anavuta pumzi na kuizuia, moyo unasogea mbali na titi.

Kinachonikasirisha ni karatasi. Mgonjwa anarudi na furaha, barua ya hospitali inalala chini ya godoro, panya wanaila. Miaka 10 baadaye kifua kinambana, anapewa dawa ya kikohozi. Ninaomba mstari mmoja uongezwe kwenye fishi: upande gani, mwaka gani, grei ngapi.

Wakati tunangoja mstari huo, lete barua yako dispensari tuinakili, na tupime tansio. Kifua kikikubana ukitembea, au miguu ikivimba, usingoje zamu iishe.