Dawa ya Kisukari na Mtungi wa Maji

Nyuma ya tumbo la chakula pana kiungo kiitwacho kongosho. Kazi yake moja ni kutengeneza insulini, nayo ni homoni, yaani mjumbe apitaye katika damu kuviamuru viungo vya mwili vipokee sukari itokayo katika chakula. Mtu akiisha kuwa mzee, mara nyingi mjumbe huyu hupungua nguvu, au viungo havimsikii tena. Sukari hubaki damuni, na mwenyewe huona kiu isiyokwisha, hukonda, na usiku huamka mara nyingi kukojoa.

Kwanza daktari hutoa vidonge. Visipotosha, huamuru sindano ya insulini. Wako na vijana ambao kongosho lao limeacha kabisa kuitengeneza, na hao hawaishi bila sindano. Dawa hii hainywewi, kwa kuwa tumbo huiyeyusha kama liyeyushavyo nyama. Ilidungwa mara ya kwanza mwaka 1922, huko Toronto katika nchi ya Kanada, mwilini mwa kijana wa miaka 14. Kabla ya hapo kijana mwenye maradhi hayo alikuwa wa kufa tu.

Huko Kibera, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitibu kisukari katika zahanati zake, hata mwaka 2017 likaikabidhi kazi hiyo kwa serikali ya Kaunti ya Nairobi. Lakini shida kubwa iko nyumbani. Chumba cha mabati saa nane mchana ni kama tanuri, na jokofu hakuna. Wazee wengine huona haya kumwambia daktari hivyo, wakaacha sindano kimya kimya.

Hapana haja ya kuiacha. Mwaka 2021 shirika lilo hilo na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza majaribio yao. Walipima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, penye jua kali kupita Nairobi, wakaona digrii 25 usiku na 37 mchana. Insulini iliyowekwa maabara katika joto la namna hiyo kwa wiki nne haikupoteza nguvu. Basi mtungi wa udongo wafaa sana: kichupa kifungwe vizuri katika mfuko wa plastiki, kitiwe ndani ya mtungi uliolowa maji, nao uwekwe kivulini penye upepo. Barafu isiiguse dawa, kwani ikiganda huharibika.

La chakula ni gumu zaidi. Kibarua hutoka Kibera alfajiri kwa miguu mpaka Industrial Area, au mama wa Kawangware huenda Lavington kutafuta nguo za kufua. Wakikosa kazi hurudi mikono mitupu. Akijidunga kiasi kile kile asile, sukari hushuka mno: hutetemeka, hutoka jasho, maneno humpotea, na watu hudhani amelewa. Apewe upesi maji ya sukari, maadamu aweza kumeza. Akizimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.

Mgonjwa na amwambie daktari waziwazi kuwa siku nyingine hali. Daktari aliyeambiwa huweza kubadili kiasi na saa za dawa. Aliyefichwa huandika kiasi cha mtu alaye mara tatu. Na jirani wa mlango wa pili aambiwe pia, maana ndiye atakayekuwapo usiku.