Kukariri Nota Si Kuujua Wimbo



Juma hili twapenda kuikemea kasumba iliyoota mizizi katika kwaya zetu nyingi, kwamba mwimbaji hana haja ya kuuelewa muziki, mradi amekariri sauti yake. Besi hufundishwa nota moja moja hadi zimkae kichwani, kisha tenori, alto na soprano vivyo hivyo. Wimbo ukiimbika, tunapiga makofi. Mwalimu akihama, kwaya inabaki yatima.

Tuutazame mstari mmoja wa besi: do, fa, ti, mi, la, re, so, do. Anayekariri huona nota 8 za kukumbuka. Anayeelewa huona jambo moja tu. Ukihesabu pamoja na nota unayoanzia, sauti hushuka hadi ya tano, hupanda hadi ya nne, na kuendelea hivyo mpaka inarudi do. Huo ndio mfuatano wa harmonia. Mwendo mmoja wa akodi, yaani wa sauti kadhaa zinazolia pamoja, hurudiwa juu zaidi au chini zaidi kwa mpango uleule. Vivaldi, Handel na J. S. Bach waliutumia sana katika karne ya 18.

Faida yake si ya vitabuni tu. Kuruka kutoka fa kwenda ti ni kugumu, na hapo ndipo besi aliyekariri huyumba. Akodi ya ti nayo ni dhaifu ikisimama peke yake. Lakini ndani ya mfuatano sikio huipokea bila shida, kwa kuwa safari imekwisha kuanza na mwisho wake wajulikana. Besi aelewaye hilo hapotei, kwa maana anajua atokako na aendako.

Soprano naye anao mfano wake katika ule wimbo wa Noeli wa Kifaransa unaorefusha neno Gloria. Umbo la kwanza huanzia so, la pili fa, la tatu mi. Ni umbo moja linaloshuka ngazi kwa ngazi. Kwa nini basi tulifundishe mara tatu kana kwamba ni mambo matatu?

Wako watakaosema kwamba sala haihitaji nadharia. Mbona basi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, namba 115, ulitaka muziki ufundishwe kwa uzito seminarini na katika shule za Kikatoliki? Wengine watasema hiyo ni elimu ya wataalamu. La hasha! Solfa tunayoitumia ilienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kusoma muziki. Na kwa kuwa do yake huhama, mfuatano ulio katika ufunguo mmoja husomeka vilevile katika funguo zote. Chombo tunacho mkononi. Kinachokosekana ni nia.

Watunzi nao wasijifiche nyuma ya elimu hii. Mfuatano usiofika popote ni porojo. Kwa kawaida umbo likisikika mara tatu limetosha. Anayelirudia mara sita kwa kukosa la kusema anawachosha wanaosali.

Twauliza bila kificho: parokia inayopata fedha za sare mpya za kwaya hukosaje za kumsomesha mwalimu wake? Sare huchakaa, mwimbaji aliyefundishwa kuelewa humfundisha mwenzake.

Basi walimu wa kwaya, tunawasihi mtenge dakika 10 katika kila zoezi. Kabla ya kuimba, waulizeni waimbaji: umbo linaanzia wapi, linahama kwa ngazi ngapi, linakatika wapi? Wakijibu wenyewe, wimbo umekuwa wao.