Namba Bila Kipimo

Wako wanafunzi wa kemia wanung'unikao wakatwapo alama kwa kuandika "5" bila kutaja kama ni gramu au moli. Husema kosa hilo ni dogo. Sisi hatukubali: mdharau mwiba mguu huota tende.

Tarehe 23 Julai, 1983, ndege aina ya Boeing 767, yenye watu 69, iliishiwa mafuta angani huko Kanada. Safari ilihitaji kilo 22,300. Waliokokotoa walizidisha lita kwa 1.77 wakidhani wapata kilo, kumbe wapata ratili. Lita moja ya mafuta yale ilikuwa na kilo 0.8 tu. Ndege ikaruka na mafuta yasiyofika nusu. Watu wote walinusurika kwa ustadi wa marubani walioishusha Gimli, injini zote zimezimika.

Kuzidisha kwao hakukuwa na ila. Lakini lau wangaliandika "ratili kwa lita" kando ya 1.77, jibu lenyewe lingaliwafichulia kosa. Basi vijana, andikeni kipimo tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho. Nanyi walimu, msione haya kuikata alama ile.