Jicho Halitoshi

Tangi la maji la shule yetu limesimama juu ya nguzo nne, na chini yake ndipo tunapokinga maji asubuhi na jioni. Tangu mvua za masika, wako wasemao kwamba limeinama upande wa bustani, na wako wawachekao wenzao. Ubishi huu umevuma mabwenini wiki tatu, wala hakuna hata mmoja aliyepima. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Maoni yangu ni kwamba jambo la kuinama lisiamuliwe kwa macho. Tena kupima mara moja hakutoshi. Tuutazame mnara wa Pisa katika nchi ya Italia, ulioanza kujengwa mwaka 1173. Uliinama tangu zamani, na watu walikwenda kuustaajabia. Hatari yake haikuwa kuinama tu, bali ni kwamba ulizidi kuinama, zaidi ya milimita 1 kila mwaka huko kileleni. Ni jicho gani liwezalo kuona milimita 1 katika mnara wa mita 56? Vyombo viliona, na mwaka 1990 mnara ukafungwa.

Mwaka 1995, wataalamu walipokuwa wakigandisha udongo wa chini ili waendelee na kazi, mnara ulianza kwenda upesi. Vyombo vikawaonya, nao wakasimamisha kazi. Baadaye walitoa udongo kidogo kidogo upande wa kaskazini, huku wakisoma vipimo kila siku. Ulipofunguliwa tena Desemba 2001, kilele kilikuwa kimerudi nyuma kadiri ya sentimita 45.

Vyombo vya namna hii vina asili moja na pimamaji ya fundi mwashi. Katika aina moja, kichupa cha kioo hutiwa maji yapitishayo umeme. Kikiinama, maji hupanda upande mmoja na kushuka wa pili, na umeme hueleza tofauti. Vilivyo bora hutambua mwinamo mdogo hata kuliko kuinua ncha moja ya ubao wa kilomita 1 kwa milimita 5 tu. Viwandani hutumiwa kusawazisha mitambo, na katika mabwawa na madaraja hulinda maisha ya watu.

Najua wengine watasema, "Sisi tutavipata wapi?" Hatuvihitaji. Tuna uzi, tuna jiwe, na tuna rula. Tutundike timazi kutoka juu ya kila nguzo siku isiyo na upepo, tupime nafasi iliyopo kati ya uzi na nguzo pale chini, kisha tuandike kipimo na tarehe katika daftari. Tufanye hivyo kila Jumamosi, mahali pale pale, kwa rula ile ile. Namba zisipobadilika, ubishi utakwisha. Zikizidi, Mwalimu Mkuu apewe habari siku hiyo hiyo, na mtu asikinge maji tena chini ya tangi hilo mpaka fundi alitazame.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nguzo iinamayo haina ufa wa kutuonya. Daftari la shilingi chache litatuonya mapema. Nani atashika uzi Jumamosi ijayo? Mimi nitashika rula.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu