MTOTO WA MKULIMA NA ADUI MARADHI

Wapo watu mpaka leo wasemao kwamba Mwafrika hawezi kuongoza kazi ya sayansi bila kusimamiwa. Sisi twawajibu kwa jina moja: Daktari Jean-Jacques Muyembe wa Kongo.

Muyembe alizaliwa mwaka 1942 katika sehemu za Bandundu, nchi ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma kwa mapadri Wajesuiti, akaingia Chuo Kikuu cha Lovanium, akahitimu udaktari mwaka 1969. Akaenda Ubelgiji, na mwaka 1973 akapata shahada kuu katika elimu ya virusi. Angeweza kubaki Ulaya akastarehe. Alirudi kwao.

Mwaka 1976 maradhi yasiyojulikana yalizuka Yambuku. Muyembe alikwenda, akawatoa damu wagonjwa kwa mikono mitupu, maana glavu hazikuwapo. Akamchukua mtawa mmoja mgonjwa hadi Kinshasa, na damu yake ikapelekwa Ubelgiji kupimwa. Ndipo ulimwengu ulipopata kuijua Ebola. Watu 280 walikufa. Lakini sifa za ugunduzi zilibaki Ulaya, na Mwafrika aliyeweka roho yake rehani akasahauliwa miaka mingi.

Hakukaa kulalamika. Mwaka 1995, Ebola ilipozuka Kikwit, wagonjwa 8 walitiwa damu ya watu waliokwisha kupona. 7 kati yao wakapona. Kutoka katika damu ya mtu aliyenusurika Kikwit ilipatikana kingamwili iliyotengenezewa dawa, kwa ushirikiano wa wataalamu wa Kongo na Marekani. Dawa hiyo ilijaribiwa mashariki ya Kongo, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili, katika mlipuko wa 2018 hadi 2020 ulioua watu 2,287. Julai 2019 serikali ilimkabidhi Muyembe uongozi wa vita hivyo. Desemba 2020 Marekani iliidhinisha dawa hiyo.

Ndugu wanachama, tusishangilie tu. Mtoto yule alifika kwa sababu alipata shule, kisha chuo, kisha maabara ya nchi yake ya kufanyia kazi. Je, ni wangapi wenye akili kama yake ambao wamebaki na jembe kwa kukosa shule? Aprili 2001, huko Abuja, wakuu wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi hazijatimiza ahadi hiyo. Ahadi ni deni.

Basi kila tawi lianze nyumbani. Liulize zahanati ya kijiji ina dawa gani. Lihesabu watoto walioacha shule, wasichana kwa wavulana, na kuwarudisha. Liwadai wabunge jawabu juu ya fedha za afya, na lisikubali jawabu la porojo.

Ujinga, umaskini na maradhi ni maadui ndugu. Ukimwacha mmoja, atawaita wenzake. Daktari wa kesho yuko kijijini leo. Tumtafute kabla maradhi hayajamtangulia.