Mchimba Makaa Aliyekuwa Bingwa wa Kodiani

Katika nyanda za juu za Molo, penye baridi, pareto na kondoo, sauti ya kodiani si jambo geni. Wagikuyu waliitwaa ala hiyo ya wageni, wakaiunganisha na karing'aring'a, yaani pete ya chuma igongwayo kwa chuma, wakaichezea mwomboko: hatua mbili, kisha kuinama. Ngoma hiyo ilivuma sana katika miaka ya 1940, na wengi huona undugu kati ya hatua zake na dansi za Waskoti. Basi yafaa kumjua Mskoti mmoja aliyeipatia kodiani heshima kubwa.

Huyo ni Jimmy Shand, aliyezaliwa tarehe 28 Januari 1908 katika kijiji cha East Wemyss, huko Fife. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, tena fundi wa kupiga melodiani, ambayo ni nduguye kodiani. Jimmy alipotimiza miaka 14 aliacha shule, akashuka shimoni kuchimba makaa kama baba yake.

Mwaka 1926 wachimbaji waligoma. Shand alipiga kinanda katika tafrija za kuwachangia wenzake waliokosa mshahara. Lakini ukarimu huo ulimponza, kwani mgomo ulipokwisha hakurudishwa kazini.

Siku moja yeye na rafiki yake walisimama mbele ya duka la vinanda mjini Dundee, wakitazama tu. Rafiki alimhimiza aingie, maana kujaribu hakuna malipo. Shand akaingia, akajifunga kodiani kifuani, akapiga. Mwenye duka alipomsikia akamwajiri papo hapo kuzunguka nchini akiuza vinanda na kukusanya madeni. Hakuidharau kazi hiyo.

Mwaka 1933 sauti ya kinanda chake ilitiwa katika santuri. Hata hivyo, alipojaribiwa na BBC alikataliwa, kwa kuwa alikuwa akigonga sakafu kwa mguu huku akipiga. Yeye hakukasirika wala hakuitupa kodiani. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitumika katika kikosi cha zimamoto, na mwaka 1945 bendi yake ilisikika katika redio ya BBC iliyomkataa.

Sifa yake kubwa ilikuwa mwendo usioyumba. Mtu aliyecheza kwa kinanda chake hakuwa na hofu ya kukosea hatua. Mwaka 1955 santuri yake ya "Bluebell Polka" ilipendwa Uingereza nzima, na kampuni ya Hohner ya Ujerumani ilitengeneza kodiani yenye jina lake. Mwaka 1962 alipewa nishani ya MBE, na mwaka 1999, akiwa mzee wa miaka 91, akapewa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 23 Desemba 2000.

Mkulima aliyeharibikiwa na pareto kwa jalidi, na karani aliyenyimwa cheo, wana la kujifunza hapa. Shand alifungiwa mlango wa mgodi, kisha mlango wa redio, lakini ufundi wake hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Wapigaji wa mwomboko nao wanalijua jambo hilo: wazee wanapoinama baada ya hatua ya pili, humtegemea mpigaji asiyetetereka. Mvumilivu hula mbivu.